Jinsi ya kumtoa saidia fundi mpaka awe fundi kamili bila kusimamisha kazi ya saiti

Mafundi wenzangu, hili la ufundi kupotea tumeshalilalamikia sana, kila saiti unasikia vijana wa siku hizi hawajui kazi, hawana subira, wanataka hela tu, na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo mpaka siku moja nikamwangalia dogo aliyekuwa ananibebea zege mwaka wa tatu ule nikajiuliza nimemfundisha nini huyu? Nilikuwa nimemfundisha kubeba basi. Mwiko wangu alikuwa anauosha kila jioni lakini hajawahi kuutumia hata siku moja.

Kwa hiyo ninayoandika hapa ni ya fundi mwenye saidia hata mmoja anayetaka huyo mtu atoke pale akiwa anajua kazi. Nimeandika kwa upande wa uashi na zege maana ndo kazi yangu, ila seremala, fundi bomba au wa umeme ataona tu pa kubadilisha.

Kwanza tuelewane kwa nini zamani watu walijifunza bila kufundishwa sana. Fundi alikuwa na wanafunzi walewale tangu kuchimba msingi mpaka kuezeka, kazi yote inapita mbele ya macho yao na mikononi mwao. Sasa hivi kazi imekatwakatwa, kuna kikundi cha nondo, cha zege, cha tofali, cha plasta, kila kikundi kinalipwa kwa kipimo kinamaliza kinaondoka, na fundi anayelipwa kwa idadi ya tofali akisimama dakika kumi kumwelekeza mtu ameshakula hasara, wala sio roho mbaya, ni hesabu. Na akishamaliza kumfundisha, jirani ambaye hajatoa hata senti anamwita yule kijana kwa hela kidogo zaidi na anaenda. Hili tatizo ni la siku nyingi. Kule England sheria ya mwaka 1563 ilimbana mtu akae kwa fundi miaka 7 ndo aruhusiwe kufanya ile kazi, na Uingereza hiyohiyo mwaka 1964 walipitisha sheria ya kuwatoza waajiri makato ya mafunzo ili asiyefundisha naye achangie, na kwenye ujenzi hayo makato yapo mpaka leo. Ujerumani anayejifunza uashi anakaa miaka 3, muda mwingine yuko chuo muda mwingine yuko kampuni inayomlipa. Kote huko walijua kufundisha kuna gharama yake na lazima ijulikane anayeibeba ni nani. Wewe kwenye saiti yako usipoipanga hiyo gharama mapema, kufundisha hakutatokea, utakuwa unasema "wiki ijayo" mpaka jengo linaisha.

Kwa hiyo cha kwanza ni makubaliano. Kaa na kijana, na kama bado mdogo kaa na wazazi wake pia, semeni muda (mimi nasema miaka miwili kwenda juu, chini ya hapo unadanganya mtu), atalipwa ngapi sasa na itapanda lini, na atakaa muda gani akishaiva ndo awe huru kwenda anakotaka. Andikeni hata kwenye karatasi ya daftari. Alafu wewe mwenyewe tenga saa moja ya siku, mimi natumia ya asubuhi kabla kazi haijachanganya, hiyo saa iingize kwenye bei unayompa mwenye nyumba kama unavyoingiza kukodi mashine ya zege. Na ukichagua wa kumfundisha usimwangalie mwenye nguvu kuliko wote, mwangalie yule anayeuliza kwa nini, na yule ambaye vifaa vikiwa vichafu anaviosha bila kuambiwa.

Siku ya kwanza kabisa ni usalama na hii usiipunguze hata kidogo. Buti, kofia, glavu. Mwambie saruji mbichi inaunguza ngozi, haichomi kama moto ukashtuka, inakula polepole, mtu anapiga magoti kwenye zege mchana kutwa jioni anakuta vidonda. Ikimrukia machoni ni maji safi mengi muda huohuo. Jukwaa hapandi mpaka umemfundisha kulikagua.

Sasa mafunzo yenyewe, na hapa wengi tunakosea, tunaanza na mwiko. Anza na kupima. Wiki mbili nzima awe mtu wa futi kamba, timazi, pimamaji na kamba. Mfundishe kukagua kifaa kabla ya kukiamini, mfano pimamaji, liweke sehemu tulivu usome kiputo kimekaa wapi, alafu ligeuze kichwa upande wa pili palepale usome tena, kiputo kikikaa tofauti hilo pimamaji linadanganya na kila ukuta utakaolipimia utadanganya. Nimeona mafundi wa miaka kumi hawajui hii. Wananunua, linaanguka toka jukwaani, wanaendelea nalo.

Alafu pembe mraba. Chomeka vigingi, mwambie apime mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, mshazari lazima usome mita 5 kamili. Usimsomeshe, mwache ahangaike kusogeza kamba mpaka ipate. Akishaizoea mwambie nyumba ikiwa kubwa atumie 6, 8 na 10, maana ukipima pafupi kosa la milimita mbili ukilivuta mpaka mwisho wa jengo linakuwa kubwa. Na akimaliza kufunga kamba zote za chumba apime kona kwa kona, mishazari miwili isipolingana hakuna kuchimba. Mpira wa maji wa kuhamishia usawa pia, aujaze taratibu mpaka mapovu yote yatoke, povu moja ndani ya mpira linatosha kukuharibia usawa wa msingi mzima. Kila anachojifunza jioni akufundishe wewe. Akuelekeze kama vile hujui. Hapo ndo utajua kimeingia au amekariri mikono yako tu.

Baada ya hapo mpeleke kwenye mchanga na maji, na hii sehemu naipenda kuliko zote maana ndiko ujuzi unakofia kimya kimya, nyumba inaonekana nzuri tu alafu baada ya miaka michache plasta inadondoka. Mpe chupa ya kioo, aweke mchanga karibu nusu, maji yenye chumvi kidogo, atikise, aiache pahala patulivu masaa 3. Mchanga unakaa chini, tope linakaa juu yake kama tabaka. Apime kwa rula. Mchanga ukiwa na kimo cha sentimita 10 na tope likazidi milimita 8 hivi, huo mchanga ni mchafu, uoshwe au urudi ulikotoka. Kijana akishaona lile tope kwa macho yake hawezi tena kupokea kila mchanga unaomwagwa.

Maji. Hapa ndo kila saidia anafundishwa vibaya kuanzia siku ya kwanza, kwa sababu zege likiwa na maji mengi linabebeka rahisi na linamwagika rahisi, kwa hiyo wote pale saiti wanafurahi. Ila tangu mwaka 1918 yule mtafiti wa Chicago, Duff Abrams, alishaonyesha kwamba nguvu ya zege inategemea uwiano wa maji na saruji, maji yakizidi nguvu inashuka. Mfuko wa saruji wa kilo 50 chukulia lita 25 hivi, yaani maji nusu ya uzito wa saruji, na maji yaliyomo ndani ya mchanga mbichi yanahesabika humo humo. Lakini usimwambie tu namba, namba haimkai. Mimi nafanya hivi, namwambia atengeneze zege lilelile kwenye makopo matatu, moja maji ya kipimo, moja yamezidi kidogo, moja kama uji, tunayaandika, tunayamwagia maji sawa kila siku, siku ya 7 tunayatoa kwenye makopo na nampa msumari. Yule dogo wangu alikwaruza la kwanza msumari ukateleza ukaacha mstari mweupe tu. La tatu ulichimba, vumbi likamwagika kwenye kidole chake, akalisugua sugua bila kusema kitu alafu akaniuliza lile jamvi (bapa la zege) tulilomwaga mwezi uliopita lilikuwa kama kopo gani. Sijawahi kupata swali zuri kama lile. Kuanzia siku ile ndo alikuwa anasimama pembeni ya mashine kuzuia watu wasiongeze ndoo.

Hapohapo mfundishe kumwagia maji zege baada ya kumwaga, siku 7 zisipungue, na kwamba nguvu tunayoihesabu ni ya siku 28. Zege linaloachwa likauke na jua siku ya pili linapasuka juu na halifiki nguvu yake.

Sasa mwiko. Usimpe ukuta wa mteja, mpe ukuta wa mazoezi. Vyuo vingi vya ufundi wanatumia mota (mchanganyiko wa kuunganishia tofali) ya chokaa na mchanga bila saruji, haigandi ikawa ngumu, kwa hiyo unajenga unapima unabomoa unasafisha tofali unajenga tena, tofali hamsini zinatosha mazoezi ya miezi. Aanze na kozi moja (mstari mmoja wa tofali) ndefu kwenye kamba, alafu kona, alafu kona mbili na ukuta katikati, kozi 6. Jointi, yaani mota kati ya tofali na tofali, milimita 10, tofali la juu likae nusu kwa nusu juu ya mawili ya chini.

Mwangalie mkono, sio ukuta. Anayeanza anatandaza mota nyingi katikati, analikandamiza tofali kwa kiganja chote, mota inakimbia upande mmoja na tofali linalala, kisha analigongagonga upande wa pili mpaka linaachana na mota ya chini. Hilo ukiliona mwambie alinyanyue lote, akwangue, atandaze upya. Tofali likishakaa likaanza kunyonya halisogezwi tena, ukilisogeza umeshavunja gundi yake hata kama kwa macho limenyooka. Mwonyeshe mara moja polepole sana, mara ya pili kwa mwendo wako wa kawaida, mara ya tatu mshike mkono. Tofali kavu sana alinyunyizie maji kwanza maana linanyonya maji ya mota kabla haijashika. Mota ya saruji iliyokaa masaa mawili inatupwa, kuiongezea maji ili ilainike ni kujidanganya. Na akianza ukuta wa kweli asipandishe zaidi ya mita moja na nusu kwa siku, mota ya chini bado mbichi haiwezi kubeba.

Spidi usimwambie kabisa miezi ya mwanzo. Spidi inakuja yenyewe mkono ukishazoea, ila mkono uliozoea kukosea haraka unarekebishwa kwa shida mno.

Kuhusu kosa. Mwache akosee pale kosa linapobomoleka, ukuta wa mazoezi, plasta ya stoo, sakafu ya nje. Kwenye nondo, msingi na jukwaa hakuna kujaribu, pale unasimama naye mpaka mwisho. Na ukimrekebisha mrekebishe karibu yake kwa sauti ya chini. Tulilelewa na mafundi wa matusi na kurushiwa karai, na wapo wanaosema ndo ilitukomaza, mimi siamini, naamini tuliwapoteza wengi wazuri waliokwenda kufanya kazi nyingine, na sisi tuliobaki tulijifunza kuficha makosa. Kosa lililofichwa ndani ya zege linakuja kutoka siku watu wameshahamia.

Nilishawahi kuona moja kwa karibu. Nilikuwa kwenye kazi ya watu, kuna kibaraza kilichotokeza nje ya ukuta bila nguzo, na waliosuka nondo walizilaza chini kama wanavyofanya kwenye jamvi la kati. Hawakuwa wavivu, ringi za kuzungushia nondo zimefungwa vizuri, waya umekazwa, kazi safi kabisa kwa macho. Ila hakuna aliyewahi kuwaambia kwa nini nondo inakaa inapokaa. Tulipotoa mbao za chini kikaanza kuinama, ufa ukafunguka juu palepale kinapoungana na ukuta, tukawahi kukirudishia miti na kikaja kubomolewa chote. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu chini.

Ndo maana nasema mfundishe kwa nini. Huhitaji mahesabu makubwa, chukua sifongo refu la godoro, lichore mistari ya wima ubavuni kwa kalamu, liweke juu ya tofali mbili alafu likandamize katikati. Mistari chini inaachana, juu inabanana. Zege linavumilia kubanwa lakini kuvutwa haliwezi, kwa hiyo nondo kuu inakaa chini panapoachana. Sasa lishike sifongo kwa mkono upande mmoja tu ulikandamize ncha, mistari inaachana juu. Nondo inahamia juu. Dakika tano tu, na hiyo hatoisahau maisha yake yote. Ongezea na kwamba nondo isiguse mbao, iwe na zege la kuifunika, kawaida kama milimita 25 kwenye boriti, 40 kwenye nguzo, 50 na zaidi kwenye msingi unaogusa udongo, na mchoro wa injinia ndo unaotawala. Kuunganisha nondo zipandane vya kutosha, wengi tunatumia mara 50 ya unene wake, ya milimita 12 inapandana sentimita 60.

Kingine, usimfungie kwenye kazi yako moja. Ongea na fundi wa plasta, wa nondo, wa mbao, umpe dogo wako wiki tatu na wewe umchukue wa kwake. Fundi ambaye hajawahi kupiga plasta hajui mateso anayomwachia mwenzake kwa ukuta uliopinda. Na mahali pengine kama una mzee kwenye kikosi ambaye hawezi tena kubeba, usimwache akakaa nyumbani, mlipe siku mbili kwa wiki aje akae kwenye kiti aangalie vijana. Wajapani wana hekalu lao la Ise, kila baada ya miaka 20 wanalijenga jipya lote, mwisho walifanya 2013 na wataifanya tena 2033. Faida moja ya hiyo miaka 20 ni kwamba seremala akiwa kijana anajifunza kwa waliotangulia, mara inayofuata yeye ndo anafanya, na inayofuata tena anasimamia. Ufundi wa hekalu umepita kwenye mikono karne nyingi kwa namna hiyo. Kwenye saiti yetu ndogo inawezekana vilevile, mzee, fundi na mwanafunzi ukuta mmoja, wala haihitaji hekalu.

Awe na daftari. Kila siku mstari mmoja, nini nimefanya, nini kimeharibika, kwa nini. Picha za simu za nondo kabla hazijafunikwa na zege, hizo ni muhimu sana maana baada ya hapo hakuna atakayeziona tena.

Kama wewe ndo kijana mwenyewe na fundi wako hafundishi, usisubiri aseme. Njoo nusu saa mapema, omba ujenge kozi moja tu ambayo yeye ataikagua, muda wa chakula muulize swali moja la kazi ya leo, moja tu, kesho jingine. Wengi hawakatai, wamezoea tu kwamba hakuna anayeuliza. Ukipata chuo cha ufundi nenda pia, chuo kinakupa kusoma mchoro na hesabu, saiti inakupa mkono, na ukiwa na kimoja bila kingine unachechemea.

Mwisho ni mtihani. Mtafutie kakazi kadogo kenye kila kitu ndani, stoo au choo cha nje, mpe mchoro, na wewe ufunge mdomo. Aanze na hesabu ya vifaa peke yake. Tofali lenye uso wa milimita 440 kwa 215 ukiongeza jointi linakuwa 450 kwa 225, mita moja ya mraba inakula karibu tofali 10, atoe milango na madirisha, aongeze kidogo za kuvunjika. Akikosea hesabu usimwambie, mwache tofali zipungue zikiwa zimebaki kozi mbili, aagize mwenyewe amweleze mwenye kazi mwenyewe. Wewe unaingilia kwenye hatari tu. Akimaliza pita na timazi na pimamaji kila kona, mbele yake, mwandikie kila kipimo ulichokikuta.

Alafu mwandikie barua. Isiwe ile ya "huyu ni kijana mwaminifu na mchapakazi", hiyo haimsaidii. Andika amejenga kuta za mita ngapi, amesuka nondo za nini, amepiga plasta wapi, vipimo vya ile stoo vilivyosomeka, tarehe, saini yako na namba yako ya simu, na anayepiga mpokelee. Mwiko mpe mpya, ule wako wa zamani baki nao maana kesho yake asubuhi kuna dogo mwingine anakuja kuanza na pimamaji.